Doa Lisilotoa Povu

"Hili doa limetoka wapi?"

"Doa gani?"

"Hili hapa, chini ya kola. Shati nililokununulia mwenyewe."

Fileti aligeuka kutoka kwenye kioo, wembe mkononi, shavu moja limenyolewa na jingine bado lina sabuni. Akalitazama shati, akamtazama mkewe, akaangua kicheko.

"Mke wa muuza nyama ananiuliza damu imetoka wapi! Mama, umeamka salama kweli?"

"Buchani unavaa koti la kazi. Hili ni shati la kutokea."

"Basi ng'ombe kanirukia wakati natoka. Nikamshitaki?"

Mkewe akacheka. Alicheka, tusimfiche, maana Fileti alikuwa na mdomo wa kumchekesha hata aliyetoka msibani. Akalikunja lile shati, akalitia kwenye mfuko wake wa kazini.

"Nitalitoa dukani. Damu naijua mimi."

"Ndiyo maana nilikuoa," Fileti alisema, akarudi kwenye kioo chake.

Mtaa mzima ulimwita Fileti, kama ile steki laini, kwa jinsi alivyoijua nyama. Na mkewe walimwita Dobi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, miaka kumi na mmoja nyuma ya kaunta ya duka la kufulia, mikono yake ikinuka sabuni hata siku za mapumziko. Walikuwa wameoana miaka minane. Jikoni kwao kulikuwa na sufuria mbili. Kubwa ya nyama, ya bwana mkubwa. Ndogo ya mama, ya dengu, maharage, maboga na chochote kilichoota ardhini, kwa sababu tangu utotoni tumbo la Dobi lilikataa nyama kabisa. Aliipika, aliikoroga, aliionja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema, lakini kuila hakuweza.

Kila siku alikuwa na ombi lake moja.

"Onja kijiko kimoja tu."

Na kila siku alijibiwa vile vile.

"Mimi si mbuzi, mke wangu."

Miaka minane, kijiko kimoja, na hakikuliwa. Dobi alijifunza kulicheka jambo hilo. Mwanaume mwenyewe halewi, hapigi, analala kwake. Kwa kijiko cha dengu atamtoa roho?

Dukani, saa nne asubuhi, alililaza shati mezani. Alianza na maji baridi na chumvi, kwa sababu damu haitaki maji ya moto. Doa likafifia kidogo, likagoma. Akainama kulitazama vizuri. Damu iliyokauka huwa na rangi ya kutu. Hili lilikuwa la waridi iliyokolea, linaelekea zambarau.

Akachukua ile dawa ya kusafishia vidonda, ile inayotoa povu ikigusa damu. Akadondosha matone mawili. Damu ingechemka povu jeupe pale pale.

Akasubiri. Akaongeza tone la tatu, na hilo la tatu halikuwa la kazi, lilikuwa la moyo wake uliokuwa unaomba.

Povu halikutoka.

"Vipi, limekataa?" aliuliza mama mwenye duka akipita na lundo la mashuka. "Libandike karatasi ya njano uendelee na mengine."

Karatasi ya njano ilikuwa sheria ya duka lile. Doa likishindikana, unaibana kwenye kola kwa pini, imeandikwa maneno manne: *Tumejitahidi. Doa limekataa kutoka.* Dobi aliichukia. Mwaka ule mzima alikuwa ameibana mara mbili tu.

"Siyo kukataa, mama. Ila siyo damu."

"Sasa ni nini?"

"Sijui bado."

Angejua kabla ya saa nane.

Pale dukani wateja hawana majina, wana nguo. Kuna Suti ya Kijivu, kuna Shuka Sita, kuna Magwanda. Na kuna Koti la Kitani, dada mmoja mchangamfu anayeuza miwani barabara ya pili, na Dobi alimpenda kuliko wote, kwa sababu alikuwa anasalimia kwanza ndipo anatoa nguo.

"Dada yangu, shikamoo! Leo unitukane tu. Tazama nilichofanya."

"Marahaba, mdogo wangu. Lete nione."

Koti likafunguliwa kwenye kaunta. Kwenye mkono wa kulia, doa. Waridi iliyokolea, linaelekea zambarau.

Dobi hakulitia chumvi wala dawa. Alikaa nalo tu mikononi.

"Hii ni nini?" aliuliza taratibu.

"Bitiruti! Kile kiazi chekundu. Kuna mgahawa pale kona ya benki, wanatengeneza baga ya mboga, maharage na bitiruti. Ukiing'ata inatoa mchuzi kama nyama halisi, utaapa wamekudanganya. Mimi na mpenzi wangu kila Jumapili tuko pale, tunajichafua kama watoto."

"Mpenzi wako naye anakula mboga?"

"Yule? Dada, hajawahi kutia nyama mdomoni tangu azaliwe! Mimi mwenyewe niliacha mwaka juzi tu, nikawa nasumbuka, kila mwanaume nyama choma, nyama choma. Huyu nimempa jina, namwita Mchicha." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kazi yake kusambaza mboga mahotelini. Alikuja kununua miwani, akasahau miwani, akabaki na mimi."

Jumapili. Jumapili Fileti alikuwa anakwenda mnadani kuchagua ng'ombe.

"Amekuoa?" Dobi aliuliza, akiwa tayari anaandika namba ya koti.

"Ndiyo hapo sasa! Jumamosi hii ameniambia tukutane mchana, ana jambo. Unajua na wewe ni jambo gani. Mimi ndugu zangu wako mbali, dada. Njoo ukae na mimi. Nikizimia unishike."

"Mimi? Dobi wako?"

"Wewe umenifulia mpaka gauni nililoachwa nalo na yule mshenzi wa kwanza. Nani ananijua kuliko wewe? Njoo, na baga nitakununulia mimi."

Dobi alitaka kukataa. Mdomo ukasema, "Nitakuja."

Zilibaki siku nne, na siku hizo nne alimtetea mumewe kichwani kuliko wakili. Wanaume wanaokula bitiruti ni wengi. Madoa yanafanana. Huyo ni Mchicha, wangu ni Fileti. Ijumaa mchana, akiwa amesimama kwenye mvuke wa pasi, akamwandikia ujumbe.

*Mume wangu, kesho mchana napika dengu na karoti. Njoo tule pamoja. Kijiko kimoja tu, nakuomba.*

Jibu likaja baada ya dakika mbili.

*Kesho nina mzigo wa ng'ombe wawili mama, sitoki buchani. Majani yako kula mwenyewe, hahaha. Nakupenda.*

Alilisoma hilo "nakupenda" mara nyingi sana. Jumamosi asubuhi Fileti akamwomba ampigie pasi shati la bluu. Akampigia, kola, mikono, mpaka mstari wa mgongoni.

"Kwa ajili ya ng'ombe wawili?" alimuuliza.

"Muuza nyama naye apendeze, bwana."

Mgahawa ulikuwa na mabenchi ya mbao, ubao mkubwa wa chaki wenye orodha ya vyakula, na chupa za sosi kila meza. Dobi alikuwa amepita mlango ule miaka nenda rudi bila kuingia. Aliwahi kumwomba mumewe, siku ya kuadhimisha mwaka wa tatu wa ndoa yao. Fileti alimwambia, "Kule nyama tupu, mama, wewe utakula nini?" Na sasa pale ubaoni, mstari wa pili, baga ya mboga imeandikwa kwa chaki ya kijani.

"Hii muda mrefu iko hapa?" alimuuliza mhudumu.

"Tangu tufungue, mama. Mwaka wa sita huu."

Koti la Kitani alikuwa amekwisha kuagiza. Alikuwa amevaa gauni jipya, hawezi kutulia, mara ajipake mafuta ya midomo, mara achungulie mlangoni.

"Kula, dada, usimsubiri, huyo huchelewa. Ishike kwa mikono miwili. Hivyo! Ng'ata kwa nguvu."

Dobi aling'ata. Mkate ulikuwa umechomwa kidogo pembeni, maharage yamepondwa na vitunguu na pilipili manga, bitiruti ikamwagika vidoleni. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na ladha ya sufuria yake ndogo, ya chakula alichokuwa anakila peke yake upande mmoja wa meza kwa miaka minane. Machozi yakamjaa.

"Nilikuambia!" Koti la Kitani alipiga makofi. "Wewe wa pili kulia. Mchicha naye siku ya kwanza alikula nusu nzima amefumba macho, machozi yanamlenga."

"Alisemaje?"

"Alisema hajawahi kula kitu kitamu hivi."

Ndipo mlango ukafunguliwa, na shati la bluu likaingia.

Fileti alipiga hatua tatu akiwa anatabasamu. Ya nne haikufika chini vizuri.

"Mchicha! Njoo, njoo. Huyu ndiye dada dobi ninayekusimulia kila siku. Dada, huyu ndiye mwenyewe."

Dobi alimtazama usoni, na Mungu ni shahidi, bado alikuwa anampa nafasi. Alikuwa anamngoja aseme neno lolote la kweli. Hata angesema *samahani*. Hata angetoka mbio.

Fileti alinyoosha mkono.

"Nimefurahi kukufahamu, dada."

Dada. Yule aliyempigia pasi lile shati saa mbili asubuhi.

Dobi akaupokea mkono. Ulikuwa umelowa jasho.

"Karibu ukae, shemeji," alisema. "Baga zinapoa."

"Mimi... mimi leo sina njaa sana."

"Hee! Wewe?" Koti la Kitani alimvuta kwenye benchi. "Jumapili ulikula mbili!"

"Kula, shemeji," Dobi alisema. "Mwenzako amesema unapenda. Mimi nataka kuona tu."

Basi Fileti akala. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu mwenye mazoea, akaigeuza upande wenye mchuzi mwingi, akang'ata. Dobi alimtazama anavyotafuna, anavyomeza. Yule aliyekuwa si mbuzi. Alikuwa anakijua chakula kile vizuri, hata kitunguu alikitoa pembeni kwa kidole bila kukiangalia. Hakuna kilichowahi kumuuma Dobi maishani kama kumwona mumewe akila maharage.

Fileti akang'ata tena. Kipande kikateleza, kikatua kifuani, kwenye shati la bluu.

"Ah, Mchicha!" Koti la Kitani alinyakua karatasi ya kujifutia, akaanza kusugua.

"Usisugue!" Dobi aliruka. "Unalizamisha. Sogea."

Haikuwa akili, ilikuwa mikono. Mikono ilichovya kitambaa kwenye glasi ya maji baridi. Mikono ikafungua kifungo cha pili cha shati, mkono wa kushoto ukaingia ndani, ukalala juu ya kifua cha Fileti chini ya kitambaa, na wa kulia ukawa unagonga doa taratibu kutoka nje, huku midomo inasema, "Inua kidevu," na Fileti anainua kidevu.

Aliinua bila kuambiwa mara mbili. Ndivyo walivyofanya kila asubuhi yenye doa, kwa miaka minane.

Koti la Kitani alikuwa amebaki na karatasi yake hewani.

"Dada," alisema polepole. "Mbona unamshika hivyo?"

Mkono wa Dobi ukasimama.

"Mbona anakuachia? Mchicha, mbona unamwachia?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Huyu ni nani wako?"

"Ni... ni mtu ambaye..."

"Ni mume wangu, mdogo wangu," Dobi alisema. Akautoa mkono, akakifunga kile kifungo. "Wa ndoa. Niliapa ningenyamaza mpaka amalize kula, nimeshindwa. Nisamehe. Nilikuja nikiomba asiwe yeye."

"Mume?" Koti la Kitani alimgeukia mwanaume. "Umeniambia mke wako alikufa."

Hilo hata Dobi hakulijua.

"Nilikufa lini?" aliuliza.

Fileti alifunika uso.

"Na mboga je?" Koti la Kitani aliendelea, sauti imeanza kupasuka. "Mahotelini? Yale malori ya karoti?"

"Ana bucha," Dobi alisema. "Nyuma ya kituo cha polisi. Anaitwa Fileti."

Jamani, kuna maumivu yanayochekesha. Yule dada alicheka kweli, sekunde moja, "Fileti!" kisha akaanza kulia kwa nguvu mpaka mhudumu akarudi jikoni na sahani alizokuwa analeta. Alipoweza kusimama, alimwambia Fileti maneno mawili tu.

"Usinifuate. Kamwe."

Alipofika mlangoni akarudi. Dobi akadhani amerudi kumpiga. Yule dada akainama, akamkumbatia.

"Dada yangu, sikujua."

"Najua hukujua. Koti lako litakuwa tayari Alhamisi."

Wakabaki mke na mume, na baga tatu ambazo hazikumalizika.

"Kwa nini?" Dobi aliuliza. "Usinidanganye tena. Sina nguvu ya kufua uongo mwingine."

Fileti aliisogeza sahani yake mbali.

"Nilipoingia dukani kwake kununua miwani... sijui nisemeje. Hakunijua. Maisha yangu yote nanuka damu, mama. Watu wananiona, wanaona nyama. Kwake nikawa mtu asiyenuka kitu. Nikapenda kuwa yule mtu."

"Na mimi? Hiyo harufu nimeifua kwa mikono hii. Uliwahi kunisikia nikisema unanuka?"

"Hapana."

"Miaka minane nimekuomba kijiko kimoja."

"Najua."

"Nikafikiri huwezi. Ningekuwa nimeolewa na mtu asiyeweza, ningeishi naye mpaka kaburini. Kumbe unaweza." Akaitazama baga aliyoing'ata. "Unaweza vizuri kabisa. Hukutaka tu kuweza kwangu."

Jioni ile Fileti alirudi nyumbani mapema. Mkewe alikuwa chumbani, anakunja nguo zake kwenye begi, na kwa dobi hakuna kukunja ovyo hata siku ya kuondoka. Alisikia mfuniko wa sufuria ndogo ukifunguliwa. Alipotoka, alimkuta mumewe amesimama jikoni na kijiko, mdomo umejaa dengu, machozi yanamwagika.

"Tamu," Fileti alisema. "Mke wangu, wallahi ni tamu. Tamu kuliko ile ya kule."

"Najua ni tamu. Nilikuwa nakuambia."

"Nitazila kila siku. Nitafunga bucha. Nipe nafasi, usinijibu leo, nijibu utakapotulia."

Dobi alimpokonya kijiko taratibu, akakiosha, akaikausha sufuria ndogo baada ya kumwaga kilichobaki kwenye bakuli lake Fileti. Akaitia kwenye begi juu ya nguo. Ile kubwa aliiacha jikoni.

"Lile shati lako lenye doa la kwanza liko dukani," alisema. "Njoo ulichukue Alhamisi, na jibu utalipata. Mimi nipo kwa dada yangu."

Alhamisi, Koti la Kitani alikuja asubuhi. Hawakuongea mengi. Koti lilikuwa limetakata, siki na maji ya uvuguvugu, mara tatu, na subira. Akalivaa hapo hapo, akapangusa macho kwa mkono ule ule wa kulia, akaondoka.

Fileti alikuja saa tisa. Amenyoa, amevaa vizuri, ameshika maua ya kununua kwenye karatasi ya kung'aa. Alisimama kwenye foleni kama wateja wengine, nyuma ya Suti ya Kijivu, mpaka zamu yake ikafika.

"Za hapa, mke wangu."

"Nzuri. Namba?"

"Namba yangu unaijua."

Dobi akaingia nyuma, akatoka na shati kwenye hanga. Jeupe. Limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Akaliweka kaunta. Kwenye kola, kwa pini, kulikuwa na karatasi ya njano.

Fileti akaisoma. *Tumejitahidi. Doa limekataa kutoka.*

Akalitazama shati mbele, akaligeuza nyuma. Akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akapekua chini ya kola, kwenye vikwapa, kwenye mikono. Watu wa foleni wakaanza kumwangalia.

"Mama," alisema, "mbona sioni doa? Limetoka lote. Shati ni safi kabisa. Hii karatasi ya nini?"

Dobi alimtazama tu, macho mekundu, mikono yote miwili imelala juu ya kaunta. Fileti aliisoma ile karatasi tena, safari hii polepole, neno kwa neno, na alipofika mwisho maua yakashuka mpaka yakagusa sakafu.

"Hata tukijaribu tena?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilijaribu mimi," Dobi alisema. "Kila siku. Kwa kijiko."

Fileti akalichukua shati lake safi. Alipotoka, kengele ya mlango ililia, na mama mwenye duka akachungulia kutoka nyuma, akamkuta mfanyakazi wake anajifuta uso kwa aproni.

"Uende ukapumzike, mwanangu?"

"Hapana, mama," Dobi alisema. Akavuta pumzi, akageukia foleni. "Shuka Sita, karibu. Lete nione."